Masika ya Tanga, Udongo wa Tooting

Tuanze kwa kukiri kosa. Mwaka jana tuliua mchicha wa Bibi.

Bibi ni bibi wa mwenzetu mmoja, lakini sisi wote wanne tunamwita hivyo, naye anatuita wajukuu. Alizaliwa Tanga. Anakaa Tooting, kusini mwa London, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka stesheni ya Tooting Broadway, katika nyumba yenye bustani ndogo kwa nyuma. Bustani hiyo ina urefu wa hatua kumi na nane na upana wa hatua saba, tumeipima wenyewe. Kwa zaidi ya miaka thelathini amelima humo sukuma wiki, mchicha, dhania, vitunguu na nyanya. Kila mwaka huiacha mimea miwili mitatu ya mchicha ikomae mpaka itoe mbegu, kisha huzikung'uta mbegu hizo na kuzihifadhi kwenye chupa ya kahawa kwa ajili ya mwaka unaofuata.

Mwaka jana, mwezi wa Februari, Bibi alifanyiwa upasuaji wa goti, akakatazwa kuinama na kubeba vitu vizito. Tukaona hii ndiyo nafasi yetu ya kumfurahisha. Kila mmoja wetu alikuwa amesikia nyumbani kwamba mwezi wa tatu masika huanza na watu huingia shambani. Basi Jumamosi ya mwisho ya Machi tukaenda, tukachimba, tukamwaga nusu ya mbegu za ile chupa, tukamwagilia maji, tukapiga picha. Miche iliyoota ilikuwa michache na myembamba kama uzi. Usiku mmoja wa baridi kali mwezi wa Aprili ukaimaliza. Tukasia tena nusu ya mbegu zilizobaki. Safari hii ziliota vizuri kidogo, halafu konokono wakala kila kitu kwa usiku mbili.

Bibi hakutugombeza. Alisimama mlangoni na gongo lake, akaangalia lile tope, akasema: "Mmepanda masika ya Tanga ndani ya Tooting."

Aliyegomba ni Mjomba. Yeye ndiye anayelipia matengenezo ya nyumba, na kwa kusema kweli hoja zake hazikuwa mbaya. Mama yake ana miaka sabini na tisa, goti halijapona sawasawa, na bustani yenye utelezi ni hatari. Akatafuta fundi wa kumwaga zege na kupanga mawe bapa juu yake, ili Bibi apate mahali pakavu pa kuweka kiti. Bibi akaomba mwaka mmoja tu. Mjomba akakubali kwa sharti: kazi zote za kuinama tuzifanye sisi, na isipite wiki bila mmoja wetu kufika. Mwisho wa Juni ukifika na bustani bado ni pori, fundi anaitwa. Namba ya simu ya fundi ikabandikwa kwenye mlango wa friji.

Makala hii inasimulia miezi mitatu iliyofuata, na kazi tulizofundishwa na mtu aliyekaa kitini. Kama nawe una kipande cha udongo nyuma ya nyumba, au hata ndoo moja dirishani, huenda ikakufaa.

Mvua kule, joto huku

Kosa letu la kwanza lilikuwa la kalenda. Pwani ya Afrika Mashariki masika huja kati ya Machi na Mei. Kule joto lipo mwaka mzima. Kinachokosekana ni maji. Kwa hiyo mvua ndiyo inayofungua shamba. Mtu wa Tanga akisikia mvua ya kwanza ya masika hana haja ya kuuliza tarehe.

Sasa, miezi hiyohiyo ndiyo miezi ya mwisho wa baridi hapa Uingereza. Vitabu vyetu vya darasani huiita majira ya kuchipua. Bibi haiiti hivyo. Yeye husema tu "baridi ikilegea". Machi ya London maji hayakosekani. Kinachokosekana ni joto, na hasa joto la udongo. Jua linaweza kuwaka Jumamosi ukavua koti, lakini ukiingiza kidole ardhini unahisi kama umekitia ndani ya friji. Hewa hupata joto upesi. Udongo uliolowa huchelewa kwa wiki nyingi.

Bibi alitueleza kwamba mboga zake ziko za aina mbili. Ziko zisizoogopa baridi: sukuma wiki, vitunguu, dhania, baadhi ya maharage. Sukuma wiki ni ndugu wa kabichi, na ndugu hao wamezoea Ulaya tangu zamani. Halafu ziko zinazotaka joto: nyanya, maboga, kunde, na zaidi ya zote mchicha. Udongo ukiwa chini ya nyuzi 15 mbegu ya mchicha huota kwa shida, au huoza. Zaidi ya hayo kuna jalidi, yaani ule umande unaoganda usiku na kuunguza majani. Katika London jalidi ya mwisho mara nyingi huja mwezi wa Aprili, lakini Mei nayo huweza kukushtua.

Tulimuuliza Bibi anajuaje kwamba udongo uko tayari. Akasema huweka upande wa ndani wa kifundo cha mkono juu ya ardhi asubuhi, kama mama anayepima maji ya kumwogeshea mtoto, akahesabu mpaka thelathini. Ukitamani kuutoa mkono, bado. Jirani yake akachomeka neno kutoka ng'ambo ya uzio: husimuliwa kwamba wakulima wa zamani wa Uingereza walikuwa wakivua suruali na kukaa udongoni bila nguo ili kupima joto lake. Bibi akasema, "Astaghafirullah. Mkono unatosha."

Machi: kazi za kabla ya kupanda

Jumamosi ya kwanza tulifika na majembe tukidhani tutachimba. Bibi alikuwa ameshatolewa kiti mlangoni pa jikoni, blanketi magotini, chupa ya chai ya tangawizi pembeni. Akatukataza kukanyaga udongo.

Bustani yake ni udongo wa mfinyanzi, kama bustani nyingi za London. Ukiukanyaga ukiwa umelowa unashikamana, hewa inatoka, na ukikauka unakuwa tofali. Kipimo chake ni rahisi: chukua konzi moja, ifinyange. Ikibaki donge linalong'aa, rudi ndani ukanywe chai. Ikimeguka ukiigusa kwa kidole, anza kazi. Tulirudi ndani Jumamosi mbili. Ya tatu ilimeguka. Hata hapo tuliweka ubao mrefu chini na kusimama juu yake, ili uzito wetu usikae mahali pamoja.

Kazi ya kwanza ilikuwa magugu. Bibi ana adui mmoja ambaye hatujui jina lake kwa Kiswahili: mmea unaojizongazonga juu ya mimea mingine na kutoa maua meupe kama tarumbeta. Mizizi yake ni myeupe na mirefu kama tambi. Ukiikata kwa jembe umeupandia: kila kipande kitachipua mmea mpya. Kwa hiyo unachimba polepole, unafuata tambi mpaka mwisho wake, unaitoa yote, na huitupi kwenye mboji. Tulijaza mifuko miwili. Mwenzetu wa Goma, aliyekuwa akijisifu kwamba babu yake ana shamba la kahawa, ndiye aliyekata vipande vingi kuliko wote.

Kazi ya pili ilikuwa ua wa miti upande wa kushoto. Mjomba alitaka tuupogoe wote. Bibi akatutuma kwanza tuchungulie ndani. Tukakuta ndege wawili weusi wenye midomo ya manjano wakibeba majani makavu. Hapa pana sheria: tangu 1981, sheria ya wanyamapori inakataza kuharibu kiota cha ndege kinapojengwa au kutumiwa. Ndiyo maana watu hushauriwa kupogoa ua kabla ya Machi au kungoja mpaka Agosti ipite. Tulikuwa tumechelewa. Ua ukabaki na nywele zake, na Mjomba akaandika hilo katika orodha yake ya mambo yasiyomfurahisha.

Kazi ya tatu ilikuwa mboji. Bibi ana pipa jeusi pembeni ambamo maganda ya viazi, majani ya chai, karatasi na majani yaliyokatwa huoza mwaka mzima. Tulifungua kimlango cha chini tukatoa mboji nyeusi yenye harufu ya msitu. Tulitaka kuichanganya na udongo. Bibi akasema tuitandaze juu tu, unene wa vidole vitatu, na tuwaachie nyungunyungu kazi ya kuishusha. "Wao hawana migongo ya kuuma," alisema.

Kuna jambo moja kuhusu udongo wa miji mikubwa ambalo hatukulijua. Bustani za zamani za London zinaweza kuwa na madini ya risasi, yaliyotokana na rangi za kale za milango na madirisha na moshi wa petroli yenye risasi, ambayo iliuzwa katika vituo vya mafuta vya Uingereza mpaka mwisho wa 1999. Haina maana kwamba usilime. Maana yake ni kwamba uoshe mboga vizuri na unawe mikono, na kama una wasiwasi ulime kwenye makasha yaliyojazwa udongo mpya na mboji. Makasha yana faida nyingine kwa watu kama Bibi: ukiyainua mpaka usawa wa kiuno, huhitaji kuinama. Tulijenga mawili kwa mbao za kitanda kilichotupwa.

Mwisho wa Machi tukasia sukuma wiki na nyanya katika vikopo vya mtindi dirishani, ndani ya nyumba. Viazi vya mbegu tukavipanga katika trei ya mayai, macho juu, vichipue taratibu kwenye mwanga. Waingereza wengi walikuwa na desturi ya kupanda viazi Ijumaa Kuu. Bibi ni Mwislamu, lakini anasema siku hiyo inamfaa pia kwa sababu wanawe hawaendi kazini.

Jumapili ya mwisho ya Machi saa zikasogezwa mbele. Kuanzia hapo tuliweza kuja hata jioni za Jumatano baada ya masomo, na bado mwanga ukawepo.

Aprili: konokono, njiwa na jirani

Aprili ni mwezi wa vita. Konokono wa hapa ni wa aina mbili: wenye nyumba mgongoni na wasio na nyumba. Hawa wa pili ndio wabaya. Zamani watu walitumia vidonge vya sumu ya metaldehaidi, lakini tangu Machi 2022 haviruhusiwi kutumiwa nje hapa Uingereza, kwa sababu viliua ndege na nungunungu wadogo wa bustanini. Tukasoma kwamba bia katika kikombe kilichofukiwa huwavuta konokono wakazama. Bia haiingii nyumba ya Bibi. Badala yake akatufundisha kutumia maganda ya balungi: kata tunda katikati, kula, kisha lifunike ganda juu ya udongo kama kofia usiku. Asubuhi wamejazana ndani. Usiku wa mvua tulitoka pia na tochi za simu tukawaokota kwa mkono. Usiku mmoja tulihesabu sitini na wanne kisha tukaacha kuhesabu.

Miche ya sukuma wiki ilipofikia majani manne tukaipandikiza nje, mmoja mmoja, hatua moja kati ya mche na mche. Siku ya pili njiwa wakaja. Mtu asiyejua njiwa wa London atadhani mboga imekatwa kwa mkasi. Tukafunika kwa wavu, tukauinua kwa fimbo ili usiguse majani. Wavu huo unazuia pia kipepeo mweupe, yule anayetaga mayai ya manjano chini ya majani ya ndugu wa kabichi.

Nyasi tulizikata kwa mara ya kwanza katikati ya Aprili, na Bibi akasimamia urefu: usikate zaidi ya theluthi moja kwa mara ya kwanza, la sivyo zinageuka njano na magugu yanapata nafasi. Kipande kimoja cha pembeni tulikiacha kirefu kwa ajili ya nyuki, na kwa sababu mashine ilikwama.

Ni Aprili pia tulipomfahamu vizuri yule jirani wa upande wa pili wa uzio. Ni mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Kampala. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, yeye alikuwa na miaka kumi na sita. Zaidi ya watu elfu ishirini na tano walikuja Uingereza wakati huo, na familia yake ikaishia Tooting. Kiswahili alikijua dukani kwa baba yake na mitaani, na kwa kuwa hakukitumia kwa miaka mingi kimebaki kama kilivyokuwa siku ile alipopanda ndege. "Nyinyi watoto," alituambia, "hapana mwaga maji mingi. Mizizi iko lala." Mwenzetu ambaye wazazi wake wanatoka Kampala alicheka, kisha akanyamaza, kwa sababu jirani alikuwa amesema kwa makosa yale yale anayoyafanya yeye darasani.

Jirani hupanda uwatu katika trei, huukata ukiwa mchanga na kuupika na viazi. Alituonyesha kitambaa chepesi cheupe anachofunikia miche yake usiku. Kinapitisha mwanga na mvua lakini kinazuia jalidi. Akatukatia mita tatu, akakataa pesa. Bibi akampelekea vitumbua.

Mbegu ilitoka wapi

Siku hiyo ya kitambaa mazungumzo yaliangukia mchicha, na tukagundua kwamba kila mmoja wetu ana jina lake. Mwenzetu wa asili ya Kampala anauita dodo. Wa Goma anauita lengalenga. Yule ambaye mama yake anatoka Nyeri anauita terere. Sokoni Tooting, Wajamaika wanauita callaloo. Ni jamii moja ya mimea.

Tukamwambia Bibi kwamba hata hivyo mchicha wake ni wa pekee, kwa sababu ni mbegu halisi ya Tanga. Tulikuwa tumekwisha kusema hivyo katika mkutano wa klabu, na mmoja wetu alikuwa ameanza kuandika insha yenye kichwa "Mbegu Iliyovuka Bahari".

Bibi akatuangalia. "Nani kawaambia ni ya Tanga?"

Akatueleza. Alipofika hapa hakuwa na mbegu ya kitu chochote. Alifanya kazi ya usafi wa maofisi usiku pamoja na mwanamke wa Kijamaika. Siku moja mwenzake huyo akafungua chakula chake, na Bibi akaona mchicha. Alikuwa hajauona kwa miaka mitatu. Akaomba aonje, akalia kidogo, na wiki iliyofuata yule mama akamletea mbegu zilizofungwa katika karatasi ya tiketi ya basi. Ndizo hizo zilizo katika chupa mpaka leo. Yule mama amekwisha kufariki.

Insha yetu ikafa hapohapo. Lakini tulielewa sasa kwa nini Bibi hakuwa radhi na wazo la Mjomba kwamba "mbegu si zinauzwa". Ni kweli zinauzwa: hapa Uingereza utazipata kwa urahisi ukitafuta pakiti zilizoandikwa callaloo, na tunakushauri ufanye hivyo kuliko kumwomba shangazi akutilie katika begi. Mbegu za kupanda zinazoingia kutoka Afrika Mashariki zinatakiwa ziwe na cheti cha afya ya mimea, na zisipokuwa nacho zinaweza kuchukuliwa mpakani. Kwa mboga, pakiti inatosha. Ila robo ya chupa iliyobaki haikuwa mboga tu, na sisi ndio tuliomwaga robo tatu.

Mei: tukasubiri

Wiki ya kwanza ya Mei tulianza kuzoesha nyanya hali ya nje. Mche uliolelewa dirishani ukiutoa nje ghafla unashtuka. Kwa hiyo unautoa mchana, unaurudisha ndani usiku, kwa siku kumi hivi. Tuligawana zamu. Zamu ya mwenzetu wa Nyeri ikapita bila yeye kukumbuka, na usiku huo jalidi ikaanguka. Asubuhi akaandika katika kundi letu la simu: "Jamani nyanya wamekufa wote. Ni baridi. Samahani sana."

Sasa, kwao Kenya nyanya ni tunda na nyanya ni bibi. Angeandika "zimekufa", tungejua ni za kupika. Aliandika "wamekufa". Ndani ya dakika tano alikuwa amepokea pole tatu, mwenzetu wa Goma alikuwa ameuliza mazishi ni lini, na mwenye Bibi alikuwa tayari yuko kwenye treni akilia. Tangu siku hiyo hakuna mtu katika klabu yetu anayeuliza ngeli zina faida gani. Nyanya za kupika tulinunua miche mingine sokoni. Bibi aliposimuliwa alicheka mpaka akashika goti.

Mchicha tukausubiri. Jumamosi ya kwanza ya Mei Bibi alisaidiwa kushuka ngazi moja mpaka kwenye makasha, akaweka mkono, akahesabu, akasema bado. Jumamosi ya pili jua lilikuwa kali, nasi tulikuwa na mitihani na tulitaka kumaliza. Bado. Mjomba alipita siku hiyo, akaona makasha mawili matupu, akauliza kama hiyo ndiyo bustani aliyoahidiwa. Hatukuwa na la kumjibu. Mmoja wetu alinunua kipimajoto cha udongo kwa siri. Kilisoma nyuzi 12.

Jumamosi ya tatu Bibi aliweka mkono akahesabu mpaka thelathini, akaendelea mpaka hamsini, akasema, "Leteni chupa." Kipimajoto kilisoma 16.

Mbegu ya mchicha ni ndogo sana, na ukiitupa kwa vidole itaanguka yote mahali pamoja. Bibi aliichanganya na mchanga mkavu ndani ya bakuli, akatupa kila mmoja kijiko. Unatawanya mchanganyiko, unapigapiga udongo kwa kiganja, unatia udongo mwembamba sana juu, kama unga juu ya meza ya chapati, na unamwagilia kwa kopo lenye matundu madogo ili mbegu zisielee. Hatukumwaga zote. Theluthi ilibaki chupani, na theluthi nyingine tuliisia katika vikopo dirishani kama akiba. Tulifunika kasha kwa kile kitambaa cha jirani na kuzungushia maganda ya balungi.

Siku ya saba kulikuwa na nukta nyekundu juu ya udongo. Mwenye zamu alipiga picha kumi na mbili za nukta.

Maneno tuliyochuma

Tulikuwa tumekubaliana kwamba bustanini tunasema Kiswahili tu. Mwanzoni tulinyamaza sana. Sasa tuna haya, na tunayaacha hapa kwa wenzetu wa mwaka wa kwanza. Kusia ni kutawanya mbegu kitaluni. Kupandikiza ni kuhamisha mche kutoka kitaluni kwenda mahali pake. Palizi ni kazi ya kuondoa magugu. Kupogoa ni kukata matawi yaliyozidi. Matandazo ni majani au mboji inayofunika udongo ili maji yasikauke. Kupunguza ni kung'oa miche iliyosongamana ili iliyobaki ipate nafasi. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu unang'oa kitu ulichokisubiri miezi mitatu.

Tulipunguza wiki ya pili ya Juni. Miche iliyong'olewa haitupwi; inaliwa. Ilijaa bakuli moja. Bibi aliipika kwa kitunguu na tui la nazi, akasimama jikoni mwenyewe bila gongo kwa muda wa kuipika. Tulikula watu sita, vijiko vitatu kila mtu, pamoja na wali. Sahani ndogo ilipita juu ya uzio. Mjomba alisema chumvi imezidi, akaongeza vijiko viwili.

Tunaandika haya kabla ya mwisho wa Juni. Namba ya fundi bado iko kwenye mlango wa friji. Lakini Jumapili iliyopita Mjomba alikuja na mpira mpya wa maji wa mita kumi na tano, akaufunga mwenyewe kwenye bomba, akasema ni wa kuoshea gari. Gari lake huegeshwa mbele ya nyumba. Mpira umefungwa nyuma.

Jumamosi ijayo ni palizi, na makasha yanahitaji matandazo kabla ya joto la Julai. Tupo wanne na kazi ni ya watu sita. Mwenye nafasi aje saa nne asubuhi, avae viatu vya zamani, na akifika amwamkie Bibi kabla ya kugusa jembe.